Baba wa Saba na Baba wa Wawili

Naikumbuka asubuhi ile, mwanangu, kama unavyolikumbuka jina lako. Ilikuwa siku ya soko la mifugo hapa Isiolo. Vumbi limetanda juu ya mbuzi na watu, nami nimeshika chupa ya chai na chapati nilizozifunga kwenye kitambaa, namtafuta mume wangu Boru kati ya malori. Alikuwa ametoka nyumbani bila kutia kitu mdomoni. Nikamwona kwa mbali, amesimama nyuma ya lori aliloliendesha, anacheka na vijana wapakiaji. Walikuwa wakimtania kwamba amezeeka. Akainama, akamkumbatia dume la kondoo, akamwinua mpaka kifuani, akasema kwa sauti iliyosikika soko zima, "Baba wa watoto saba hazeeki!"

Kisha akaanguka. Kondoo akakimbia, Boru akabaki chini.

Usishtuke, hakufa. Hivi ninavyozungumza nawe yuko nje anawakatia mbuzi majani, na umri wake umepita sabini. Ndiyo maana nakusimulia haya nimeinua kichwa. Lakini siku ile, mwanangu, nilipopiga magoti pale kwenye kinyesi cha mifugo na kumwona mdomo wake umepinda upande mmoja, nilijiona mjane. Nilianza kuwahesabu watoto wangu kichwani kama mtu anayehesabu mbuzi baada ya fisi kupita.

Ngoja kwanza nikueleze alikuwa mtu wa namna gani, ndipo utaelewa.

Boru alikuwa dereva wa lori la mifugo. Wakati huo lami ilikuwa inaishia hapa hapa mjini. Ukishatoka Isiolo kuelekea kaskazini, hata kabla ya kufika Ngaremara, ilikuwa mawe na mashimo. Barabara ya kwenda Merti ndiyo usiseme. Yeye aliijua kama kiganja chake. Tulipompata Fatuma, mzaliwa wetu wa kwanza, alikuwa akienda Merti, anapakia, anarudi, anapumzika nyumbani. Alipozaliwa wa pili akaongeza safari. Wa tatu, akaanza kupeleka mifugo mpaka Nairobi. Kila nilipojifungua mtoto, mume wangu alifunga safari mpya, na kila safari mpya ilikuwa na dawa yake ya kufukuza usingizi: miraa shavuni, sigara, soda moja baada ya nyingine, chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Alikula nyama ya mafuta kwenye vituo vya barabarani pale alipopata nafasi, na asipopata alikaa njaa kutwa. Usingizi wake aliulalia kwenye usukani.

Akifika nyumbani watoto humkimbilia wote kwa pamoja. Nikimwekea sahani, ataisukuma kwao. "Nimekula njiani," husema. Nilijua anasema uongo, lakini ni uongo ambao mke huona haya kuukamata.

Na alikuwa na fahari! Wenzake walimwita Baba Saba. Mtu akimuuliza habari za maisha, huinua vidole saba. Kwetu sisi Waborana mtoto ni baraka, na mimi niliyewazaa nakwambia hivyo hivyo, ni baraka. Lakini wazee walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Boru aliielewa kazi hiyo kwa upande mmoja tu. Alidhani kulea ni kutafuta, na kutafuta hakuna kupumzika.

Sasa turudi sokoni. Aliyetusaidia siku ile ni jirani yetu, Mwalimu Kirimi, Mmeru aliyekuwa akifundisha shule ya msingi hapa mjini. Shule zilikuwa zimefungwa, naye alikuja sokoni Boru amchagulie mbuzi. Mwalimu alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye watoto wawili, na siku zote yeye na Boru walikuwa na ubishi wao usiokwisha. Mwalimu husema, "Boru, hao saba watakuua. Mimi wawili wangu wananitosha, ona nilivyo na afya." Boru hujibu, "Mwalimu, nyumba yenye watoto wawili ni kimya kama ofisi. Kimya hicho ndicho kitakachokuua." Basi siku ile Mwalimu hakubishana. Alimbeba mwenzake kwa mabega, tukampandisha kwenye pikapu ya mchuuzi mmoja, tukaenda hospitalini.

Daktari aliyetupokea alikuwa mwanamke, mwembamba, mwenye sauti ya chini ambayo haikukuachia nafasi ya kukimbia. Baada ya kumhudumia na Boru kurudiwa na maneno, alivuta kiti karibu na kitanda akaanza kumuuliza.

"Mzee, unalala saa ngapi?"

"Nina watoto saba, daktari," Boru akajibu, ulimi bado mzito.

"Sijauliza watoto. Nimeuliza usingizi."

Boru akavuta shuka mpaka kidevuni. Akaulizwa miraa, akajipapasa shavu. Akaulizwa sigara, akatazama dirishani. Daktari akamwambia presha yake iko juu sana, kwamba mshipa mdogo kichwani umepata shida, na kwamba safari hii mkono wake wa kushoto uliolegea utarudi kufanya kazi, lakini mara ya pili huenda asirudi mzima.

Mwalimu Kirimi, pale alipokaa, akaona huo ndio wakati wa kuushinda ubishi wa miaka. "Si nilikwambia?" akasema. "Watoto saba, ndugu yangu! Mimi mwenye wawili siwezi kujua presha ni nini."

Daktari akamtazama kuanzia kiatu mpaka kichwa. "Mwalimu, hebu lete mkono."

Akamfunga mkononi ile mashine ya kupimia presha. Ikapumua, ikashuka. Daktari akarudia mara ya pili, kama mtu asiyeamini macho yake. Kisha akacheka kidogo, cheko lisilo na furaha. "Nyinyi wawili mnakaribiana kabisa. Huyu amefikishwa hapa na barabara. Wewe umefikishwa na kiti." Akamuuliza anatembea lini. Mwalimu akasema ana baiskeli. Akamuuliza anaiendesha lini. Mwalimu akasema imetoboka gurudumu tangu mwaka uliopita.

Nisikilize hapa, mwanangu, kwa maana maneno aliyoyasema yule mama ndiyo niliyowalelea watoto wangu wa kiume. Alisema, "Presha haijui kuhesabu watoto. Inajua unakula nini, unalala vipi, unatembea au umekaa, unavuta nini, na moyoni umebeba nini peke yako. Mwenye watoto wengi mara nyingi hujisahau kwa sababu ya kuwakimbilia. Mwenye wachache, au asiye naye kabisa, hujisahau kwa sababu hakuna anayemkimbiza. Njia ni mbili, shimo ni moja."

Mwalimu Kirimi alirudi nyumbani. Mkewe aliniambia baadaye kwamba jioni hiyo alikwenda akaitengeneza baiskeli.

Lakini Boru hakusikia upesi. Sikio la mwanamume aliyezoea kusifiwa lina mlango mzito. Mkono ulipoanza kufunguka na mdomo kunyooka, akaanza kuulizia lori. Nikamsihi. Akasema, "Mama Fatuma, nani atawalisha?" Nikamwambia Mungu na sisi wawili. Akasema Mungu hupakia lori kwa mkono wa dereva. Nikafanya jambo ambalo mke mwenye akili hulifanya akiona maneno yake hayapiti: nilimtumia habari abuya wake aliyekuwa Merti. Abuya kwetu ni mjomba, kaka wa mama, na mwanamume akishindikana na wote, hashindikani na abuya wake.

Mzee alifika na pikapu ya maziwa, amejifunga kilemba cheupe, fimbo mkononi. Alikuwa mrefu, mkavu kama mti wa mgunga, na alikuwa amelea watoto kumi na kuchunga ngamia maisha yake yote. Hakumpa Boru pole. Alikaa kwenye kiti, akanywa maziwa, kisha akamwita binti yetu mdogo, Tume, aliyekuwa bado hajaanza shule. Akampakata.

"Mama," akamwambia, "hebu nihesabie watu wanaokula katika nyumba hii."

Tume akaanza kwa vidole. Akataja mama. Akataja Fatuma, Dida, akataja kaka na dada zake wote, akajitaja na yeye mwenyewe. Akasimama hapo, akamtazama mzee kusubiri sifa.

"Na baba yako?"

Tume akashangaa swali lenyewe. "Baba hali hapa," akasema. "Baba huja na kuondoka."

Mwanangu, nimemwona mume wangu akipigwa na jua, na njaa, na ugonjwa. Sijawahi kumwona akipigwa na kitu kama neno lile. Aliinamisha uso.

Mzee akamshusha mtoto, akamwambia akacheze. Ndipo akasema, bila kupandisha sauti: "Boru, mimi nimelea kumi. Kila nilipoongeza mtoto niliongeza akili, sikuongeza mzigo peke yake. Wewe unawalisha wanao nyama ya mwili wako. Nyama hiyo ikiisha, utawapa nini? Ngamia ukimpakia kupita kiasi halii. Hulala tu njiani, na mzigo wote hubaki jangwani pamoja naye. Unainua vidole saba mbele ya watu. Inua cha nane. Cha nane ni wewe. Ukijiacha nje ya hesabu, hao saba umewahesabu bure."

"Abuya, nitafanya nini basi?" Boru akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Utakula na wanao. Utalala kwako. Na huyu mkeo aliyekuzalia saba hana mikono? Mbona unambebea hata asichokuomba?"

Asubuhi iliyofuata abuya alirudi Merti, na nyumba yetu ikaanza kugeuka. Haikugeuka kwa siku moja. Boru alimwambia mwenye lori kwamba Nairobi hatakwenda tena, ataendesha Merti na kurudi, kwa mchana. Mwenye lori akanung'unika, mwisho akakubali, maana dereva aliyeijua barabara ile kama yeye hakuwa rahisi kumpata. Abuya naye akawa ananitumia maziwa ya ngamia kwa pikapu, nami nikaanza kuyauza sokoni. Fatuma alinisaidia siku ambazo hakuna shule. Mungu aliyatia baraka maziwa yale. Nyumba haikulala njaa.

Kuacha miraa na sigara ndiko kulikokuwa vita. Alikuwa mkali kama nyoka aliyekanyagwa. Alilala mchana na usiku kama anayelipiza usingizi wa miaka yote. Siku moja alinifokea kwa sababu ya chumvi, kisha akatoka nje, akasimama ukutani, na aliporudi aliniambia, "Nisamehe, Mama Fatuma. Si mimi, ni yale majani yanayoniaga." Tulicheka mpaka watoto wakaja kuchungulia.

Wenzake hawakumwacha. Alipopita kwenye hoteli ya chai walimwuliza kwa sauti, "Boru, tumesikia mkeo ndiye dereva siku hizi?" Mwanangu, mwanamume mwingine angerudi kwenye lori la Nairobi siku ile ile, ili tu kuonyesha. Boru aliketi, akaagiza chai isiyo na sukari, akawaambia, "Mke wangu hauzi maziwa kwa sababu mimi nimeshindwa. Anauza ili mimi nisimwache mjane." Hakuna aliyecheka tena. Habari hiyo niliipata kwa mwenye hoteli, na nakiri kwamba nilitembea mtaa wetu wote wa Bula Pesa siku hiyo kama mtu aliyevikwa dhahabu.

Akafanya na lingine, kubwa zaidi kwa mwanamume wa enzi zake. Alisema saba wanatosha. Jamaa zake walitaka waongezeke, wakamkumbusha ukoo na jina. Yeye alikwenda kwanza kumuuliza sheikh wa msikiti wetu, akarudi ametulia, kisha tukaenda pamoja kliniki kuuliza njia ya kupumzisha uzazi. Alikaa na mimi kwenye benchi lililojaa kina mama, mwanamume peke yake, kofia kichwani, ameketi wima kama anayesubiri kuapishwa. Kina mama walimtazama. Mmoja, Mturkana mwenye shanga shingoni, aliniambia, "Dada, huyu umemtoa wapi? Niende nikachukue wangu hapo."

Na Mwalimu Kirimi? Aliona baiskeli haitoshi, akaja akagonga mlango baada ya swala ya alfajiri. "Boru, twende tutembee. Nikienda peke yangu nitarudia njiani." Wakaanza. Mwanzo walifika mwisho wa mtaa, Mwalimu akihema, Boru akiburuta mguu kidogo. Kisha wakafika barabara kuu. Mwisho wakawa wanaelekea upande wa Ngaremara mpaka jua linapotoka, wanarudi wanabishana kuliko walivyoondoka. Mji ulicheka kwanza: baba wa saba na baba wa wawili, mwembamba na mnene, Mwislamu na Mkristo, wanatembea bila kufukuzwa na mtu wala kufuata mbuzi aliyepotea! Watoto wetu waliwafuata, saba wangu na wawili wa Mwalimu. Baada ya muda wanaume wengine wakajiunga, na leo ukiamka mapema utakuta kundi zima, wengine hata sijui ni wa nani.

Mwalimu alipungua tumbo, akawa hana suruali inayomkaa. Wawili wake walikuwa wakija kula kwetu, na wangu walikwenda kwake kusoma. Mpaka leo, akija, ataniuliza, "Mama Fatuma, watoto wetu tisa hawajambo?"

Nataka nikwambie jambo moja linalonifanya nisimame wima ninapopita mbele za watu. Nina mabinti wanne. Katika dini yetu baba ndiye walii, yeye ndiye hukaa mbele ya sheikh na kumwoza binti yake kwa kinywa chake. Nimehudhuria ndoa nyingi ambapo kiti hicho kilikaliwa na mjomba au kaka, kwa kuwa baba alikwisha tangulia. Niliwauliza baadhi ya wafiwa kilichowachukua baba hao, na majibu yalikuwa yale yale: presha, sukari, ajali ya usingizi barabarani. Kila nilipotoka kwenye ndoa hizo nilimtazama Boru akitembea mbele yangu, nikamshukuru Mungu kimyakimya.

Mwaka jana tulimwoza Tume. Nyumba ilijaa. Nilikuwa upande wa wanawake, nikachungulia pembeni mwa pazia. Boru alikuwa ameketi kwenye jamvi, kanzu nyeupe, ndevu zimepakwa hina, amemshika bwana arusi mkono kwa mkono wake wa kulia wenye nguvu. Sheikh akamwambia aseme. Akasema, sauti haikutetemeka, wala neno halikupinda mdomoni: "Nimekuoza binti yangu Tume." Huyo alikuwa wa nne. Mabinti wangu wote wanne wameozwa na baba yao. Nilipiga vigelegele mpaka wifi yangu akanishika bega, akaniambia, "Wewe ni mama wa bibi arusi, tulia." Ningetulia vipi?

Basi mwanangu, wewe uliyeanza kuhesabu watoto, sikwambii uzae saba, wala sikwambii uzae wawili. Hiyo ni rizki yako na mkeo, kaeni mzungumze, na mkizungumza itazameni pia afya yenu, si sifa za watu. Ninachokwambia ni kwamba idadi ya watoto haimwui mwanamume, wala haimponyi. Kinachomwua ni namna anavyoibeba. Ukiwa na wengi, usiwakimbilie mpaka ukajikimbia. Ukiwa na wachache, au Mungu hajakupa bado, usikae kwenye kiti ukasema hakuna kinachokudai, kwa maana mwili wako nao unakudai. Mwili haujengwi kwa matofali. Ule chakula chako pamoja na wanao, wakuone unakula. Lala usingizi uliopewa. Tembea, hata kama huna mbuzi aliyepotea. Majani na moshi viache mapema, vikuage ungali na nguvu za kuviaga. Nenda upimwe kabla ya kuanguka, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo huenda ukajengwa na yatima. Na mkeo akinyoosha mkono kushika upande wa mzigo, usimwone amekudharau. Mwachie ashike.

Mungu akupe watoto kwa kipimo cha nguvu zako, na nguvu kwa kipimo cha watoto wako. Akupe nagaa, ile amani wanayoiomba wazee wa Kiborana kabla ya kuomba mvua. Maziwa yasikauke nyumbani mwako, miguu isikuchoke, na siku binti yako wa mwisho atakapoolewa, ukutwe umeketi kwenye jamvi umemshika mkono mkweo, si kwenye picha iliyotundikwa ukutani. Amina.